Kusikiliza redio za mbali za AM kando ya Ziwa Victoria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikionekana mwaloni jioni na redio mbili, hedifoni na fremu ya mbao iliyozungushiwa waya, maswali huwa yaleyale. Mengine huulizwa na wavuvi, mengine na vijana wanaotaka kuanza, na moja au mawili huulizwa nyumbani kwangu. Hukaa zaidi pande za Luchelele na Kayenze, kwa hiyo majibu haya ni ya mtu wa Mwanza. Aliye Ukerewe au Musoma atayarekebisha kidogo tu.

Redio zote zipo kwenye simu. Unahangaika na nini?

Simu inakuletea redio uliyoitaja jina. Mimi hukaa kwenye mawe nikizungusha masafa bila kujua nani atajitokeza, na anayejitokeza amefika mwenyewe kutoka kwenye mlingoti wake mpaka kwenye redio yangu, bila bando wala mnara wa kampuni ya simu katikati. Raha yake inafanana na ya mvuvi wa ndoana. Samaki sokoni wapo, lakini yeye bado anakwenda na ndoana yake.

AM ni masafa gani hasa?

Ni yale ambayo redio za zamani ziliyaandika MW, yaani masafa ya kati. Kwa Afrika, Ulaya na Asia huanzia kilohezi 531 hadi 1602, na vituo hupishana kwa kilohezi 9. Mpango huo ulikubaliwa Geneva mwaka 1975. Ukitaka kujua kama namba uliyosimama ni ya kwetu, igawanye kwa 9: 1170 inagawanyika, 1175 haigawanyiki. Kipimo hicho kidogo kitakufaa sana huko mbele.

Kwa nini usiku? Mchana mbona hakuna kitu?

Mchana jua hutengeneza tabaka la chini angani, kwenye kilomita 60 hadi 90 hivi, linalomeza mawimbi ya AM yanayopanda. Kinachobaki ni wimbi linalotambaa ardhini, na hilo huchoka mapema. Jua likizama, tabaka hilo hupotea baada ya muda mfupi. Wimbi hupita mpaka kwenye matabaka ya juu zaidi, hurudishwa chini, na huangukia mamia au maelfu ya kilomita kutoka lilikotoka. Ndiyo maana redio iliyokuwa bubu saa kumi jioni, saa mbili usiku inajaa Kiarabu.

Ziwa linasaidia kama bahari inavyosaidia?

Hapana, na hapa wengi hupotoka, mimi nikiwa wa kwanza. Nilisoma habari za wasikilizaji wa pwani ya Oregon, Marekani, wanaokaa kwenye majabali juu ya Pasifiki na kupata Australia na New Zealand kwa redio za mkononi. Nikajiambia: maji ninayo, tena kilomita za mraba zaidi ya 68,000, kwa nini nisipate kama wao?

Kumbe siri yao ni chumvi. Maji ya bahari hupitisha umeme vizuri mno, kwa hiyo wimbi linalokuja kwa mlalo juu yake halipotezi nguvu nyingi. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, na uwezo wake wa kupitisha umeme uko chini ya ule wa bahari mara mamia kadhaa. Kwa redio, ziwa letu ni sawasawa na shamba zuri lenye unyevu. Si kitu kibaya, kwani mawe ya Mwanza ni mabaya zaidi: graniti kavu ni kama kitambaa kinachofyonza wimbi linalotambaa. Basi aliye ukingoni na maji mbele yake ana nafuu kidogo kuliko aliye mlimani Bugando, lakini nafuu hiyo asiihesabu kama ya mtu wa Tanga au Mtwara.

Basi ufukweni unafuata nini?

Ukimya.

Fanya jaribio hili nyumbani. Washa redio saa mbili usiku, iweke kwenye nafasi isiyo na kituo, sikiliza. Utasikia mvumo, mlio kama wa nyuki, au ngurumo inayopanda na kushuka. Sasa zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Mvumo utapungua, lakini hautaisha, kwa sababu jirani bado ana taa za LED za bei rahisi, wa juu yake ana chaja ya simu, na wa chini ana kifaa cha sola kinachochaji betri. Kwenye vilima vyetu nyumba zimebebana juu ya mawe, ukuta kwa ukuta. Uchafu wa umeme wa watu ishirini unaingia kwenye antena yako kwa pamoja.

Sasa chukua redio hiyohiyo, nenda mita mia tatu mbali na waya za umeme, kaa ukingoni. Nusu ya duara inayokuzunguka haina nyumba hata moja. Kinachobaki kwenye spika ni mchakacho laini, kama mvua ya mbali kwenye bati, na juu yake vituo ambavyo nyumbani hukuwahi kujua vipo. Sijawahi kununua kifaa kilichonipa faida kama hizo mita mia tatu.

Kuna usumbufu mmoja wa ziwani peke yake: taa za dagaa. Zamani wavuvi walitumia karabai, ambayo redio haiisikii kabisa. Sasa wengi wana taa za LED na betri, na baadhi yake hupiga kelele kwenye AM. Usiku mmoja Kayenze nilipata mlio mkali kuanzia 700 hadi karibu 900. Nilikagua redio, nikakagua fremu, nikabadilisha betri, nikajilaumu kwa nyaya zangu. Kisha mtumbwi mmoja ukasogea mbali na wengine, na mlio ukaondoka nao. Tangu hapo naangalia mwezi kabla sijafunga begi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa haivuti dagaa kwenye mwanga, na ziwa huwa tulivu kwa masikio pia.

Msimu upi ni mzuri?

Juni hadi Agosti, bila ubishi.

Adui mkubwa hapa kwetu ni radi. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Upepo hutoka pande zote za ufuko kuelekea katikati ya ziwa, hukutana juu ya maji yenye joto, na wingu hupanda. Ndiyo sababu ngurumo nyingi za ziwani huja usiku wa manane hadi alfajiri, saa zilezile unazozitaka wewe. Kila mmweko hutoa mlipuko kwenye AM: *kraa!* katikati ya jina la kituo. Miezi ya kiangazi hupunguza hayo sana. Ikifika Oktoba na vuli, hesabu kwamba utasikiliza katikati ya mikwaruzo, na Machi hadi Mei mimi hukaa nyumbani nikitengeneza vifaa.

Hata kiangazi, anga likiwa safi kwetu, mikwaruzo hutoka magharibi. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na mlipuko wa radi husafiri usiku kama kituo kingine chochote. Dawa yake nitaieleza kwenye swali la antena.

Nianze saa ngapi?

Mwanza iko karibu mno na ikweta, kwa hiyo jua huzama mwaka mzima kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 na dakika chache. Uwe umeshakaa nusu saa kabla.

Giza hutoka mashariki. Jua linapozama kwetu, India giza limewatangulia kwa takriban saa tatu, kwa hiyo nusu saa ya kwanza ni ya kusikiliza mashariki, kabla Waarabu hawajajaza masafa. Saa mbili hadi saa sita ni ya vituo vikubwa vya kaskazini na kusini. Afrika Magharibi giza huwafikia kama saa tatu usiku yetu, na nafasi yao nzuri huwa baada ya usiku wa manane, wakati wa mashariki wengi wamelala. Ukiweza kuvumilia, saa kumi na moja alfajiri hadi jua linapochomoza ni dirisha jingine zuri: mashariki kumeshakucha na vituo vyake vimekwisha kumezwa, magharibi bado ni usiku.

Mimi huondoka saa tano usiku. Nimesema nafasi nzuri ni alfajiri, sikusema naiweza kila wiki.

Ninunue redio gani?

Yoyote ya mkononi yenye namba za masafa kwenye kioo, inayokubali hatua za kilohezi 9, na yenye kichujio unachoweza kukibana na kukilegeza. Tecsun PL-330 na XHDATA D-808 ni nzuri na zinabebeka kwenye mfuko wa koti. Zote mbili zinapokea mkondo mmoja wa pembeni (kwenye redio huandikwa SSB), uwezo unaosaidia kituo kinapopigiwa mluzi na jirani yake. Kama una redio ya zamani ya sindano inayopokea AM vizuri, usiidharau. Utapata tabu kujua umesimama wapi, basi.

Kagua hatua za masafa kabla ya kulalamika. Redio nyingi za dukani huja zimewekwa hatua za kilohezi 10, za Marekani. Utapita juu ya vituo vyote ukivisikia vimekaa upandeupande, ukidhani redio ni mbovu.

Ile antena ndefu ya kuvuta juu, niivute yote?

Kwa AM haifanyi kitu kwenye redio nyingi. Iache ndani. Antena ya AM ni kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya, kimelala ndani kwa urefu wa redio.

Kijiti hiki kina tabia moja ambayo ukiielewa umeelewa nusu ya kazi nzima. Ubavu wake husikia, ncha zake hazisikii. Weka redio juu ya jiwe, shika kituo chochote, kisha izungushe polepole sana kama unayefungua kufuli la namba. Kuna mahali sauti itazama ghafla. Hapo ncha ya kijiti imekielekea kituo. Pembe ya kuzamisha ni nyembamba, pembe ya kusikia ni pana, kwa hiyo msikilizaji mzoefu hatafuti pale kituo anachokitaka kinapovuma zaidi. Hutafuta pale asichokitaka kinapokufa.

Usiku mmoja nilikuwa kwenye 1566, Trans World Radio ya Benin nikiitafuta. Nilichopata ni nyimbo za Kihindi. Nikazungusha redio kidogo kuelekea kulia: Kihindi kikazama, na chini yake akabaki mhubiri akiongea Kifaransa chembamba kabisa. Nikarudisha, Kihindi. Nikazungusha, Kifaransa. Bibi mmoja aliyekuwa akianua dagaa wake alisimama akanitazama, akauliza, "Mwanangu, hiyo ni redio moja au mbili?"

Na ile dawa ya radi za Kongo: laza redio ncha zake zikielekea mashariki na magharibi. Mikwaruzo ya magharibi itapungua, na ubavu utakuwa umefunguka kaskazini na kusini. Bahati nzuri, vituo vya kaskazini na kusini ndivyo vinavyotufikia kirahisi zaidi hata hivyo. Karibu na ikweta mistari ya sumaku ya dunia hulala kaskazini-kusini, na mawimbi ya milingoti iliyosimama yanayosafiri mashariki-magharibi hupoteza nguvu zaidi yanapoingia angani.

Ile fremu ya mbao ni ya nini? Imeungwa wapi na redio?

Haijaungwa popote. Redio inakaa tu karibu nayo, na hapo ndipo watoto wa mwaloni hudhani ni uganga.

Ni koili kubwa na kondensa ya kuzungusha. Ukiizungusha mpaka ilingane na masafa uliyopo, fremu hukusanya wimbi na kulimimina kwenye kijiti cha redio iliyo kando yake. Kituo kilichokuwa kinanong'ona kinapanda ghafla.

Kuitengeneza: piga msalaba wa mbao unaotoa mraba wa sentimita 60 kila upande. Zungusha waya mwembamba wenye plastiki mara 13, ukiacha nusu sentimita kati ya mzunguko na mzunguko. Utahitaji mita 32 hivi. Ncha mbili za waya ziende kwenye kondensa ya kuzungusha, ile yenye visahani vya bati vinavyoingiana, ya pikofaradi 365 au karibu yake. Mafundi redio wa mjini bado wanazo kwenye makopo ya vyuma chakavu. Nenda na subira na usionyeshe kwamba unaihitaji sana. Ikikataa kushuka mpaka chini ya 550, ongeza mzunguko mmoja. Ikikataa kupanda mpaka 1600, toa mmoja.

Fremu yangu ya kwanza niliifunga kwa misumari ya chuma na waya niliookota. Ilifanya kazi vizuri wiki mbili, mpaka mbuzi alipoikuta imelazwa kwenye nyasi.

Waya mrefu wa kulaza chini je?

Unafanya kazi, na ajabu yake ni kwamba waya mrefu unaolazwa karibu na ardhi, ule uliobuniwa na Harold Beverage miaka ya 1920, unapenda ardhi mbovu kama mawe yetu. Lakini ili uelekeze vizuri unataka urefu wa mita mia mbili na zaidi kwa mstari ulionyooka. Mwaloni, mita mia mbili zina mitumbwi, nyavu, vyanja vya dagaa, ng'ombe wanaokuja kunywa na bodaboda. Mimi nimeacha.

Naweza kutumia pawabenki?

Hapana. Ndani yake mna kifaa cha kupandisha volti, na kifaa hicho kinavuma. Tumia betri za redio yenyewe. Simu iweke mita tatu mbali au izime data.

Nitegemee kusikia nini?

Trans World Radio ya Eswatini kwenye 1170 ni kipimo changu: iko karibu kilomita 2,700 kusini moja kwa moja. Nisipoipata kufikia saa tatu, najua usiku ni mbaya au nimekosea kitu. Kaskazini kuna Misri na Saudi Arabia. Mtambo wa Duba, Saudi Arabia, kwenye 1521 umejulikana miaka mingi kwa nguvu za hadi kilowati 2,000. Benin 1566 nimeshaitaja. Mitambo ya Marekani ya Botswana kwenye 909 na São Tomé kwenye 1530 ilikuwa mikubwa sana na rahisi kupata, lakini tangu Sauti ya Amerika ilipokatika Machi 2025 usiifanye kipimo tena.

Ukweli ni kwamba vituo vya AM vinapungua kila mwaka. Vingi vimehamia FM na intaneti. Wanaohuzunika wana sababu. Ila kila mtambo mkubwa unapozimwa, mdogo uliokuwa umelaliwa chini yake husikika. Hata sisi tumewahi kuwa wa kusikika: 1377 ya Radio Free Africa ya hapahapa Mwanza iliwahi kuripotiwa na wasikilizaji wa Ulaya, baada ya mtambo mkubwa wa Ufaransa uliokuwa kwenye namba hiyo kunyamaza.

Na Marekani yenyewe?

Ni ngumu mno kutoka hapa. Njia ni ya magharibi na ndefu. Ukitaka kujaribu, alfajiri, tumia kile kipimo cha 9. Vituo vya mabara ya Amerika hupishana kwa kilohezi 10, kwa hiyo vingi huangukia katikati ya vya kwetu: 1100, kwa mfano, imekaa kati ya 1098 na 1107. Ukisikia mluzi mwembamba usiobadilika pembeni mwa kituo cha kwetu, huenda kuna mtu wa mbali chini yake. Kila baada ya kilohezi 90 mipango miwili hukutana, kama 990, 1080 na 1170. Hapo kipimo hakikusaidii.

Nitajuaje nimeshika kituo gani?

Subiri saa kamili. Karibu vituo vyote hutaja jina, hupiga vipipi vya saa au husoma habari. Dakika tano kabla ya saa kamili usizungushe chochote, hata mbu akikung'ata. Andika unachosikia hata kama hukielewi: lugha, mwanamume au mwanamke, wimbo, neno linalorudiwa. Kisha linganisha na MWLIST, orodha ya vituo iliyoko kwenye intaneti, na kama kituo kina matangazo ya intaneti, yasikilize pamoja. Ya intaneti huchelewa sekunde kadhaa, lakini ukisikia sentensi ileile umemaliza ubishi.

Kusikia Kiswahili si ushahidi kwamba ni Tanzania au Kenya. Wahubiri na mashirika ya nje hutangaza kwa Kiswahili kutoka mbali. Subiri jina.

Ni salama kukaa ziwani usiku?

Kwa masharti. Usikae kwenye njia ya kiboko. Njia yake utaiona, ni kama barabara iliyokatwa kwenye matete. Usitumbukize miguu majini kupoza joto, kwa sababu kichocho kipo na hakichagui mpenzi wa redio. Ukiona mmweko upande wowote, funga kazi, hasa kama umekaa juu ya jiwe refu na fremu mkononi.

Na watu. Mtu mwenye hedifoni gizani akiandika kwenye daftari anatia shaka. Mara moja walinzi wa jadi walinizunguka, wakaamini naongea na majambazi wa ziwani. Niliwavua shaka kwa kumpa mzee wao hedifoni. Alisikiliza Kiarabu kama dakika mbili, akairudisha, akasema vijana wangu hawa watakusindikiza ukimaliza. Siku hizi napita kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa viongozi wa mwalo kabla jua halijazama, nasalimia, naonyesha vifaa. Alfajiri nikiondoka nawasalimia wachuuzi wanaosubiri mitumbwi kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: *Mwangaluka*.

Kituo kikiwa mbali naweza kukiandikia?

Ndiyo, na baadhi hujibu kwa kadi au barua pepe ya kuthibitisha. Waeleze masafa, tarehe, saa, ulipo, redio na antena uliyotumia, na maelezo ya dakika kumi hadi kumi na tano za kipindi. Usiandike "nilisikia nyimbo nzuri". Andika wimbo wa mwanamke mwenye gitaa, kisha tangazo, kisha mtangazaji wa kiume akitaja namba ya simu.

Saa iandike ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa tatu. Watu huchanganyikiwa kwa sababu saa ya Kiswahili nayo ina hesabu yake. Njia yangu: kuanzia saa 1 usiku, ongeza 15. Saa 3 usiku ni 18:00, saa 8 usiku ni 23:00. Saa 9 usiku inakuwa 00:00, na hapo ndipo tarehe ya kimataifa inapobadilika, ilhali kwenye kalenda yetu ilishabadilika saa 6. Nilipoanza, barua zangu zilikuwa na tarehe ya siku moja mbele, na kituo kimoja kilinijibu kwa upole kwamba kipindi nilichokisikia kilikuwa bado hakijatangazwa.